Bwana Tayari na Alama ya Kujumlisha

Mume wa mdogo wangu tunamwita Bwana Tayari. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kumkejeli, naye akalivaa kama suti ya harusi. Mtu akiichukua kejeli akaifanya sifa, utamfanya nini jamani? Ukimsalimia, "Bwana Tayari, habari za kazi?" anatabasamu mpaka magego yanaonekana, anakujibu, "Tayari, shemeji!" Hata hajakusikiliza umeuliza nini.

Siku aliyokuja nyumbani kujitambulisha, bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Mama akasema, kwa kupitisha maneno tu, kwamba kesho atamwita fundi. Bwana yule akavua koti, akaingia chini ya sinki na shati lake jeupe, akakoroga mambo huko chini, akatoka anahema. "Tayari, mama." Na kweli halikuvuja tena. Maji yenyewe hayakutoka tena. Alikuwa ameikaza koki kwa nguvu zake zote, mpaka fundi alipokuja ikabidi aikate kwa msumeno. Mama akasema kijana ana moyo wa kusaidia, mdogo wangu akaona haya akacheka. Mimi nilikuwa namwangalia anavyojipangusa mikono kwa taulo letu la vyombo, nikajisemea moyoni, Mungu wangu, hili nalo linatuingilia ukoo?

Likaingia. Wakaoana, wakapanga nyumba mtaa wa tatu kutoka kwangu, na kama hiyo haitoshi, tukaja kupangiwa kazi chumba kimoja. Ni hospitalini, kitengo cha kompyuta, nyuma ya stoo ya magodoro. Kiyoyozi chetu kinadondosha maji kwenye ndoo ya kupigia deki, na dirisha linatazama mahali wanapoanika mashuka. Yeye anaandika programu. Mimi kazi yangu ni kuujaribu mfumo: nabonyeza kila kitu ambacho mgonjwa anaweza kubonyeza, na vile asivyotakiwa kubonyeza, natafuta panapovunjika kabla hapajamvunjikia mtu. Bwana Tayari anaiita kazi hiyo umbeya wenye cheti. Yeye mlangoni amebandika karatasi yenye maandishi ya rangi ya dhahabu, "Mhandisi Mkuu wa Mifumo." Tuko watatu humo ndani, na huyo wa tatu ndiye mkuu wa kitengo. Sasa sijui Bwana Tayari alikuwa mkuu wa nani.

Zamani, majibu ya maabara yakitoka, karani mmoja alikuwa anakaa na simu anawapigia wagonjwa waliokwisha kwenda nyumbani. Wewe njoo, wewe usije, wewe endelea na dawa zako. Karani huyo alikuwa na sauti ya ukali lakini watu walikuwa wanakuja. Basi Bwana Tayari na mkuu wa kitengo wakakaa, wakaamua simu ni ushamba. Siku hizi mgonjwa atatumiwa ujumbe wenye linki; akiibonyeza, unafunguka ukurasa mmoja usio na jina lake, kwa ajili ya siri. Ukiwa wa kijani unasema "Majibu ni ya kawaida." Ukiwa mwekundu unasema "Rudi hospitali leo." Wazo lenyewe silikatai, ni zuri. Karani wakamhamishia stoo ya magodoro, akawa jirani yetu.

Siku mfumo ulipowashwa, haikufunguka linki hata moja. Kila mgonjwa akapata maneno yaleyale, ukurasa haupatikani. Mapokezi palifurika watu wameshika simu juu kama wanatafuta mtandao, na Bwana Tayari amekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka anasema watu wetu hawajui kubonyeza. Kubonyeza! Mama wa watu amebonyeza mpaka kioo kimechubuka.

Kisa chenyewe hakikuwa kigumu. Namba ya mgonjwa, ambayo ndiyo inakaa ndani ya linki, pale kwetu inaandikwa tarakimu, halafu mkwaju, ule mstari wa kulala upande, halafu mwaka. Sasa kompyuta ikiuona mkwaju katikati ya anwani ya mtandao, inadhani imeambiwa iingie chumba cha ndani. Inakwenda kutafuta chumba kinachoitwa kwa jina la mwaka, ndani ya chumba kinachoitwa kwa namba ya mgonjwa, haikioni, inarudi mikono mitupu. Dawa yake inajulikana: kila alama ya namna hiyo unaifunga kwa msimbo wake inapotoka, unaifungua inapofika. Ni kazi ya kuchosha, maana inabidi upite kila mahali namba inapopita, uhakikishe haikufungwa mara mbili wala haikuachwa wazi. Nilimweleza. Akanisikiliza huku anachokonoa meno.

Bwana Tayari alichoka kabla hajaanza. Akaandika mstari mmoja tu: chochote kisicho herufi wala tarakimu, ondoa. Ondoa kwenye linki, ondoa na kwenye utafutaji wa majalada. Mikwaju ikafagiwa yote, linki zikafunguka, mkuu wa kitengo akampigia makofi mbele ya watu. Bwana Tayari akasimama katikati ya chumba, ananyoosha tai.

"Umewauliza wodi wanaandikaje namba zao?" nikamuuliza.

"Shemeji, namba ni namba."

"Nipe basi mifano ya kila wodi niijaribu."

"Mfumo uko hewani, watu wanapata majibu yao, wewe unataka kujaribu nini tena? Tayari hiyo."

Mkuu wa kitengo akanigeukia. "Dada, mwenzako akifanikiwa mpe hongera, acha roho ya kwa nini." Nikarudi kwenye meza yangu. Nikaandika ombi la mifano kwenye foleni ya kazi, na kabla sijanyanyua kikombe cha chai nikaona limefungwa. Chini yake ameandika neno lake lile.

Sasa kuna jambo moja ambalo kila mtu anayefanya kazi katika hospitali ile analijua, ukitutoa sisi tuliojifungia na kiyoyozi chetu. Mtoto mchanga hana namba. Hajaandikishwa popote, jina bado wazazi wanabishania. Kwa hiyo wodi ya wazazi wanampa namba ya mama yake na kuongeza alama ya kujumlisha mwishoni. Mapacha? Wa pili anapata alama mbili. Wamefanya hivyo miaka yote. Ukiondoa ile alama, mama na mtoto wanabaki na namba moja, na mfumo wa Bwana Tayari ukikuta wawili wenye namba moja unamchukua wa kwanza. Wa kwanza siku zote ni mama, maana ndiye aliyeandikishwa kwanza.

Haya niliyajua baadaye kidogo, na nilivyoyajua ndiyo hadithi yenyewe.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kiume, mzazi mzima, mtoto mzima, tukashukuru. Ni fundi wa kushona, mtu mkimya, anaweza kukaa na cherehani siku nzima asikuambie zaidi ya "nipitishie mkasi." Kabla ya kuruhusiwa, mtoto alitolewa damu, kwa sababu muuguzi aliona rangi yake haimpendezi. Wodi imejaa, kitanda kinasubiriwa, wakaambiwa nendeni nyumbani, majibu yatakuja kwenye simu. Bwana Tayari akaandikisha namba ya simu yake yeye, si ya mkewe. Ati mwenye mfumo ndiye apokee.

Kesho yake mchana nikaenda kumwona mtoto. Mama yetu alikuwa ameshafika na kapu lake la nguo za mtoto, amemweka mjukuu mapajani, anamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuwa na furaha.

"Hebu mtazame macho, mama mkubwa," akaniambia. "Na hanyonyi huyu. Anashika ziwa, analiachia, analala."

Nikamtazama. Weupe wa macho ulikuwa wa manjano, na ngozi ya kifua vilevile. Mdogo wangu amekaa pembeni ya kochi, kanga imelowa maziwa ambayo mtoto hakuyataka, anatutazama mmoja mmoja.

Bwana Tayari alikuwa kwenye kiti cha baba, miguu juu ya stuli, anakula karanga. "Mama, msimtishe mke wangu. Majibu yametoka." Akanyoosha simu kwa mbali, kama askari anayeonyesha kitambulisho. Ukurasa wa kijani. Majibu ni ya kawaida. "Mmeona? Kitu nimetengeneza mwenyewe kwa mikono hii. Zamani mngekuwa bado mnamsubiri yule karani apige simu."

"Lakini mtoto wa manjano," mama akasema.

"Mama, macho ya mtu yanadanganyika. Mashine haidanganyiki." Akatupia karanga mdomoni. "Mko kama yule sista mkuu wa wodi ya wazazi. Juzi kaja ofisini, kafura, ananiambia eti watoto wenye majibu mabaya siku hizi hawarudi. Zamani walikuwa wanarudi. Nikamwambia sista, linki zote zinafunguka, nimeangalia kwenye seva, hakuna hata moja iliyogoma. Watu wako hawana bando! Alivyotoka, midomo imemshuka mpaka hapa!" Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Linki zinafunguka zote, na watoto hawarudi. Nani kakwambia kufunguka ndiyo kusema kweli, wewe mwanamume?

"Nipe hiyo simu," nikasema.

"Ya nini?"

"Nipe!"

Akanipa, ananicheka kwa pua. Nikaitazama ile anwani juu ya ukurasa. Nikamwambia mdogo wangu anisogezee mkono wa mtoto. Utepe wa wodi ulikuwa bado upo kwenye kifundo cha mkono, nikausoma. Tarakimu zilezile. Halafu mwaka. Halafu alama ya kujumlisha, imekolezwa kwa wino mweusi.

"Hii alama iko wapi kwenye linki yako?"

"Alama gani?"

"Hii. Ya kujumlisha."

"Aa, hiyo nimeisafisha. Takataka zote zile nilizisafisha. Si wewe uliyekuwa unalalamika mikwaju inasumbua?"

"Na namba ya mkeo ni ipi?"

Mdogo wangu ndiye aliyejibu, polepole, anazitaja tarakimu za kwenye kadi yake ya kliniki. Zilikuwa zilezile.

"Haya majibu ni ya mkeo," nikamwambia. "Damu yake ya kabla ya kujifungua. Ya mtoto hujayaona."

Unajua alichosema? Mtu mzima, ana cheti, ana ndevu? Alisema, "Shemeji, mambo ya kazini tusilete nyumbani." Halafu akaanza kunifafanulia kwamba hata kama, hata kama kinadharia inawezekana, ni hali adimu sana, itabidi afungue kompyuta Jumatatu aone, na kwamba mimi tangu siku ya kwanza nina ajenda naye. Ajenda! Niliona giza. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu hajawahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu, na mama yangu hakunikataza.

Wakati sisi tunarushiana maneno, mdogo wangu alikuwa ameshasimama. Hakumjibu mumewe, hata hakumtazama. Alimchukua mtoto mapajani kwa mama, akamfunika shali, akavaa kandambili za nje, akatoka mlangoni. Mama akamfuata. Mimi nikakimbia mbele kutafuta teksi.

Sista mkuu wa wodi alitukuta koridoni. Hakuuliza maswali, alimfunua mtoto kifuani, akambonyeza ngozi kwa kidole, akamwita muuguzi. Kisha akafungua kompyuta ya maabara, ile ya ndani ambayo haipiti kwenye linki za mtu yeyote. Majibu ya mtoto yalikuwepo tangu asubuhi, mekundu. Kiwango cha manjano kilikuwa juu sana, na daktari alisema tungekaa mpaka kesho yake tungemharibia ubongo au tungempoteza. Wakamweka kwenye taa ya buluu, amezibwa macho kwa kitambaa, miguu imetanuka. Mdogo wangu akakaa kwenye kiti cha chuma pembeni yake, hakuegemea.

Bwana Tayari akaja baadaye, amebadilisha shati. Jamani, mtoto yuko kwenye taa, baba anachagua shati! Alisimama mlangoni, akaambiwa mtoto amewahiwa, atapona. Akashika kifua, akatoa pumzi ndefu, machozi yakamtoka. Sitamnyima hilo, machozi yalimtoka kweli. Halafu akajifuta, akapiga makofi mara moja, na nikajua neno linalokuja kabla halijatoka.

"Basi. Tumeshukuru Mungu. Yameisha. Tayari."

Mdogo wangu akageuza shingo. "Na wale wengine?"

"Wengine gani, mke wangu?"

"Sista alikwambia kuna watoto hawarudi."

Akaanza kubabaika. Jumatatu ataandika ripoti. Itabidi apitie kwa mkuu wa kitengo. Kuna taratibu za mawasiliano. Sista mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, ameshatoa kwenye kompyuta orodha ya watoto wenye majibu mekundu, na namba za simu za mama zao. Nilinyoosha mkono nizichukue, maana nilijua kazi hiyo ingeniangukia mimi, kama kawaida.

"Hapana, dada," mdogo wangu akasema. "Apige yeye. Na aweke spika, nisikie."

Sijawahi kumsikia akimwamuru mtu. Bwana Tayari akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama mama yetu, hakuna aliyemwokoa. Akakaa kwenye kitanda kitupu cha pili, akapiga.

Mama wa kwanza alisema mtoto wake alimpeleka mwenyewe kliniki nyingine, baada ya kuona homa haishuki, sasa anaendelea vizuri. Wa pili vilevile. Mkwe wake ni muuguzi, aliona dalili. Ungemwona Bwana Tayari anavyojijaza hewa! Sauti ikarudi, mgongo ukanyooka. Akatuangalia kwa jicho la mtu aliyesingiziwa. "Mnaona? Hakuna aliyedhurika. Mnakuza mambo."

"Piga," mdogo wangu akasema.

Akapiga ya tatu. Ikaita mpaka karibu kukatika, ikapokelewa na mwanamke. Nyuma yake palikuwa kimya, hapana redio wala watu. Bwana Tayari akasafisha koo, akaanza kwa sauti yake ile ya mikutanoni.

"Habari za mchana, mama. Nakupigia kutoka hospitali, kitengo cha mifumo. Kulikuwa na hitilafu ndogo tu ya kiufundi. Yale majibu ya kijani uliyoyaona kwenye simu hayakuwa ya mtoto, yalikuwa ya kwako wewe. Ya mtoto yanaonyesha maambukizi kidogo kwenye damu. Tunakuomba radhi kwa usumbufu. Tafadhali mlete leo aanze dawa."

Sista mkuu akaweka mkono mdomoni, yeye alishaelewa.

"Kwa hiyo mzima nilikuwa mimi," yule mwanamke akasema.

"Ndiyo, mama!" Bwana Tayari akachangamka. "Wewe huna tatizo lolote, majibu yako ni mazuri kabisa. Sasa mlete mtoto."

"Nimtoe wapi, baba?"

Mdogo wangu akasimama kutoka kwenye kile kiti, akaichukua simu mkononi mwa mumewe, akazima spika, akaiweka sikioni.